Jedwali Moja kwa Darasa Zima: Tuone Nani Amekwama Kabla Hajachelewa

(Hotuba niliyotoa kwenye mkutano wa walimu. Wengi hamkufika na mmeniomba niiweke yote, basi hii hapa, nimeiacha na maneno yake ya mdomoni, picha za ukutani tu ndizo nimeziruka.)

Mwenyekiti, walimu wakuu mliopo, walimu wenzangu, habari za asubuhi? Mmeitika kama watu waliosahihisha usiku kucha. Najua, najua. Sitawachosha.

Naomba kila mwenye wanafunzi wanaofanya mradi wa makundi muda huu anyooshe mkono. Naona karibu ukumbi mzima. Haya, mikono ibaki juu. Sasa shusha mkono kama huwezi kuniambia, hapo hapo ulipokaa, bila kumpigia mtu simu, kundi lako la tatu limefika wapi leo. Enhe. Imeshuka mingi, na kuna mwalimu pale mbele ameushusha nusu, sijui tumhesabu wapi huyo.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Teknolojia yenyewe ni ndogo tu jamani, msiogope, ni jedwali moja lililopo kwenye intaneti, Google Sheets au lolote mlilolizoea, halafu kila kundi lina dokyumenti yake ya kuandikia kazi ambayo mwalimu anaweza kuifungua muda wowote. Basi. Watu wakisikia "mfumo wa kufuatilia miradi" wanadhani kuna programu ya kununua na fundi wa kuja kuifunga, hakuna.

Wala siyo jambo la juzi. Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, mtafiti mmoja anaitwa Douglas Engelbart alikaa mbele ya watu kama elfu moja na kwa dakika 90 akawaonyesha mausi ya kompyuta, akawaonyesha maandishi unayobofya yakakupeleka kwenye maandishi mengine, halafu akaunganishwa laivu na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, karibu kilomita 50 kutoka pale, wakawa wanafanyia kazi maandishi yale yale kwa pamoja kila mtu na skrini yake huku wanaonana kwa video. Mwaka 1968! Watu wa kawaida kama mimi na wewe tulisubiri sana, mpaka 2006 Google ilipoinunua Writely, programu ya kuandikia mtandaoni, ikaja kuwa Google Docs, ndipo kuandika pamoja kukawa kitu cha bure unachofungua tu. Kwa hiyo uwezo tunao. Tunautumia kuona nini, hapo ndipo tunapoachana njia.

Mimi msimamo wangu ni huu na mengine yote nitakayosema yanatoka humo: jedwali ni la kuona nani amekwama. Narudia, nani amekwama. Aliyemaliza hana haja ya jedwali, atakuja mwenyewe kukuambia, tena mbio. Aliyekwama ndiye anayekuona unakuja korido anageuza njia.

Sasa hebu tuangalie majedwali yetu yalivyo. Mengi niliyowahi kuonyeshwa yana kolamu ya asilimia. Kundi la kwanza asilimia 60, kundi la pili asilimia 80, kundi la tatu asilimia 90, na mwalimu amepaka kijani, amefurahi. Nawauliza, asilimia 90 ya nini? Nani kaipima? Mtoto kaikadiria akiwa na simu mkononi dakika mbili kabla ya kipindi! Waandishi wa programu za kompyuta wana utani wao wa zamani kuhusu hili, ulianza kwa Tom Cargill wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, na ukachapishwa miaka ya 1980, kwamba asilimia 90 ya kwanza ya kazi inakula asilimia 90 ya muda, na ile asilimia 10 iliyobaki inakula asilimia 90 nyingine. Cheka tu, lakini wanaosimamia tasnifu na ripoti za mwisho hapa hawacheki, naona wanatikisa kichwa.

Na siyo kwamba wanafunzi ni waongo. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti, waliwachukua wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wanamalizia tasnifu zao wakawauliza, utamaliza baada ya siku ngapi? Wastani wa majibu ukawa siku 33.9. Wakawauliza tena, je, mambo yote yakienda vibaya kabisa? Wakasema siku 48.6. Unajua walimaliza kwa siku ngapi? Wastani wa siku 55.5. Yaani hata walipoambiwa wafikirie balaa zote, bado balaa lenyewe likawazidi! Na waliomaliza ndani ya muda waliousema wenyewe walikuwa kama asilimia 30 tu. Hawa ni watu wazima, wanasoma akili ya binadamu, na kazi ni ya kwao wenyewe. Mtoto wako wa kidato akikuandikia "tunamaliza Ijumaa" anaamini kabisa kutoka moyoni, na Ijumaa itapita.

Kwa hiyo futeni asilimia. Futeni na ile kolamu ya "hali ya mradi" ambayo kila mtu anaandika "inaendelea". Mimi nabaki na vitu vitatu tu ambavyo kundi linajaza lenyewe kila wiki, na nasema lenyewe, siyo mwalimu. Tumefanya nini wiki hii, kitu kinachoonekana, na linki yake iwekwe hapo hapo nibofye nikione. Tutafanya nini kabla ya kipindi kijacho na nani atafanya. Tatu, tumekwama wapi.

Hiyo ya tatu ndiyo roho ya jedwali. Mwanzoni wataiacha wazi, wote, kwa sababu tumewafundisha miaka yote kwamba kukwama ni aibu. Usikubali iachwe wazi. Na usikubali neno "hakuna". Waambie kama kweli hamjakwama, andikeni kitu kigumu zaidi kilichopo mbele yenu. Subiri wiki mbili tatu uone.

Nilikuwa na kundi moja la uchunguzi wa matumizi ya muda baada ya masomo, wamesambaza dodoso, wamekusanya majibu, kila wiki wananiandikia "tunachambua data". Wiki inaingia, tunachambua data. Nyingine, tunachambua data. Ukiwaona darasani wako bize kweli kweli. Ilipokuja kolamu ya kukwama wakaandika, kwa herufi ndogo kabisa, utadhani fonti nayo inaona haya, "hatujui mtu akichagua majibu mawili tunamhesabu mara moja au mara mbili." Ndiyo hilo tu! Dakika tano tulikuwa tumemaliza. Lakini tamu ya hadithi haiko hapo. Kesho yake nafungua jedwali, chini ya sentensi ile makundi mengine mawili yameandika "na sisi", "hata sisi." Hawakuniandikia mimi, waliandikiana wao. Kundi la nne likawajibu kabla yangu. Sasa niambieni, karatasi iliyo ndani ya droo ya mwalimu ingeweza kufanya hivyo? Daftari la alama lingeweza? Ndiyo maana nasema jedwali liwe wazi kwa darasa zima wasomane, kila mmoja ajue kwamba wote wanakwama, hata wale wanaojibu haraka darasani wanakwama.

Nikija upande wangu mwalimu, kila asubuhi ya siku ya kipindi sisomi jedwali lote, nani ana muda huo? Nasoma kolamu ile moja kutoka juu mpaka chini. Ukitaka jedwali likuonyeshe makundi yaliyokwama tu, tumia ule uchujaji unaokuonyesha wewe peke yako, upo kwenye Google Sheets, usije ukachuja kwa wote mtoto akafungua akakuta safu ya kundi lake haipo akadhani wamefukuzwa. Halafu nikiingia darasani najua naanzia meza gani. Lile zunguko la "mnaendeleaje?" "vizuri mwalimu" limekufa, na lilale pema.

Haya, tuje kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengine wenu, maana kuna mtu kaniuliza hata kabla sijakaa. Kutegea. Mtoto mmoja anafanya kazi, wanne wanaandika majina.

Tunapenda kuwaambia watoto kidole kimoja hakivunji chawa. Kweli kabisa. Ila kuna mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, mwaka 1913 alichapisha vipimo vyake vya watu wanaovuta pamoja, na ukiziangalia namba zake, wawili wakivuta pamoja kila mmoja anatoa kama asilimia 93 ya nguvu zake, watatu asilimia 85, wakifika wanane kila mmoja anatoa kama asilimia 49. Nusu! Sehemu yake ni kwamba watu wengi hawavuti kwa wakati mmoja, mmoja anavuta mwingine anapumua, hiyo inaeleweka. Lakini mwaka 1979 mwanasaikolojia Bibb Latané na wenzake Williams na Harkins wakaja na jaribio la kupiga kelele na makofi, mtu kafungwa macho, kavalishwa hedifoni, anaambiwa unapiga kelele pamoja na wenzako kumbe yuko peke yake, na bado kelele ikapungua. Hapo hakuna cha kugongana wala kupishana, hapo ni kutegea tu, mtu kajisemea moyoni sauti yangu nani ataisikia. Mwaka 1981 watu hao hao wakafanya jambo moja dogo: wakawaambia sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake hata mkiwa kundi. Unajua nini kilitokea? Kutegea kukaisha.

Hakuna aliyechapwa wala aliyetishiwa kupewa sifuri. Walijua tu kwamba mchango wao unaonekana.

Dokyumenti ya pamoja inafanya hivyo bila wewe kusema neno. Google Docs inatunza historia ya mabadiliko, unafungua unaona tarehe, saa, na maandishi ya kila mtu kwa rangi yake. Siku ya kwanza kabisa ya mradi mimi nawafungulia historia hiyo ukutani, nawaonyesha inavyofanya kazi, naifunga. Imetosha. Siifungui tena ovyo, wala siwi askari wa kuwavizia saa sita usiku nani kaandika mistari mingapi, na nawaomba sana msiwe hivyo. Kwa nini? Kwa sababu historia inaonyesha nani alibonyeza, haionyeshi nani alifikiri.

Kundi moja historia yao yote ilikuwa rangi moja. Moja! Binti mmoja kaandika kurasa zote. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa anaangalia na mimi akasema hao wengine wakate alama. Nikasema tuwaulize kwanza. Kumbe ndiye peke yake mwenye kompyuta nyumbani, na wenzake watatu ndio walioenda kupima, kuhesabu na kuhoji watu, wanamsomea namba kwenye daftari, yeye anachapa. Daftari lipo, lina mwandiko wa watu watatu, limechafuka. Hapo nani alitegea? Hakuna. Na upande mwingine yupo anayekopi kutoka sehemu anapesti aya nne kwa mpigo, rangi yake inajaa ukurasa, anaonekana ndiye mchapakazi. Kwa hiyo historia ikikushangaza, chukua hilo kama swali la kwenda kuuliza. Hukumu baadaye.

Jambo dogo hapo hapo la kiufundi, wengi linawakwaza: mtoto akitengeneza kopi ya dokyumenti, ile kopi haibebi historia ya zamani, inaanza upya. Kwa hiyo tengeneza dokyumenti wewe, wagawie, na waambie kazi yote ifanyike humo humo. Na usigawe ile linki ya "yeyote mwenye linki anaweza kuhariri", maana asiyeingia kwa akaunti anatokea kama mnyama, utakuta kapibara asiyejulikana anafuta hitimisho la kundi la pili na wewe unabaki unajiuliza kapibara ni mtoto wa nani. Waongeze kwa akaunti zao.

Nikiwa kwenye ruhusa nimalizie haraka. Kuna ngazi tatu, wa kusoma tu, wa kukomenti, na wa kuhariri. Kwenye jedwali la darasa funga safu ili kila kundi liandike kwenye safu yake tu, inawezekana na ni rahisi. Ila kufunga kunazuia kuandika, hakuzuii kusoma, na ukurasa uliofichwa siyo siri, mwenye kujua atauona. Kwa hiyo alama, maradhi ya mtoto, shida za nyumbani, ada, hivyo havikai humo hata kwa dakika moja. Viwe kwenye faili lako ambalo hujamgawia mtu.

Na hapo kwenye alama nina la kusema, najua nitawaudhi baadhi.

Mwaka 1988 mtafiti wa elimu Ruth Butler alifanya utafiti na wanafunzi wa darasa la tano na la sita huko Israeli. Wengine aliwarudishia kazi na maoni tu ya maandishi, wengine alama tu, wengine akawapa vyote viwili, alama na maoni. Kundi gani lilifanya vizuri baadaye? Tungedhani la vyote viwili, si ndiyo? Kapata alama na kaelezwa, unataka nini tena? Sivyo. Waliopata maoni tu ndio waliopanda, na hamu yao ya kazi ikabaki. Waliopata vyote viwili wakafanana na wale wa alama tu, yaani alama ilimeza maoni. Mtoto akishaona 6 kati ya 10 hasomi tena, anageuka kumwangalia jirani kapata ngapi.

Kwa hiyo wakati mradi unaendelea, komenti tu. Alama ije mwisho, na isije kwenye dokyumenti ile. Na komenti zenyewe jamani tuzitazame! "Boresha." Boresha nini? "Fafanua zaidi." Zaidi ya wapi? Nimeona dokyumenti ina komenti ishirini na kitu za mwalimu, kila mstari umepakwa njano, mtoto anaifungua anaifunga. Mimi naandika mbili, nikizidisha tatu, na kila moja ni swali ambalo lazima lijibiwe kwa kufanya kitu. "Umesema wengi wanachelewa kulala, wengi ni wangapi kwenye dodoso lenu?" Hiyo anaijibu. Halafu unaweza kuipachika jina la mtu, ukaweka ile alama ya @ na anwani yake, ukamkabidhi hiyo komenti iwe kazi yake, inamfikia kwenye barua pepe. Akimaliza anaifunga mwenyewe. Asiyependa kuongea darasani utashangaa anavyojibu humo, kuna watoto wawili mimi sauti zao nimezijulia kwenye komenti.

Ila usikomenti saa tano usiku. Nasema kweli. Simu ya mtoto inalia, mzazi anauliza nani huyo, na wewe mwenyewe ukianza hivyo watakutegemea saa tano usiku kila siku. Andika asubuhi.

Naona mikono, haya tuchukue.

Mwalimu wa huku pembeni anauliza, mtandao ukikata? Swali zuri, maana tunaongea kama intaneti ni hewa. Google Docs inafanya kazi bila mtandao lakini lazima uandae ukiwa na mtandao. Kwenye simu unaweka alama kwenye faili lipatikane bila intaneti, kwenye kompyuta unawasha mpangilio huo kwenye kivinjari cha Chrome au Edge. Unaandika, mtandao ukirudi vinaungana vyenyewe. Tatizo ni wawili wakiwa nje ya mtandao wanahariri aya ile ile, hapo kutakuwa na mchanganyiko, basi wagawane vichwa vya habari kabla. Na kama hakuna mtandao kabisa, zile kolamu tatu chora kwenye manila ubandike ukutani, wanajaza kwa kalamu, wiki ikiisha unapiga picha. Utakosa historia na komenti, lakini ile ya tatu, tumekwama wapi, inafanya kazi ukutani vile vile, na kusomana wanasomana.

Mwingine, wanafunzi ni wadogo hawana akaunti. Sehemu nyingi aliye chini ya miaka 13 hafungui akaunti ya Google mwenyewe bila mzazi au shule kuisimamia, kwa hiyo msiwafundishe kudanganya umri, nimesikia watu wanafanya. Jaza wewe, ukiwa umekaa nao, skrini wanaiona, wao wanasema wewe unachapa. Ila andika maneno yao kama walivyoyasema. Wakisema "gundi haishiki" usiandike "changamoto ya vifaa".

La mwisho, madarasa sita, majedwali sita, unayasomaje? Kuna fomula inaitwa IMPORTRANGE, inavuta sehemu unayoitaka kutoka jedwali moja kwenda lingine, mimi navuta ile kolamu ya tatu tu kutoka madarasa yote inakaa ukurasa mmoja ambao ni wangu. Mara ya kwanza itakuomba ruhusa ya kuunganisha, kubali. Tutaifanya pamoja sasa hivi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Walioleta kompyuta au simu twende chumba cha pili, tunafungua jedwali tupu na kila mtu anaweka makundi yake halisi, majina halisi, siyo ya mfano, ili ukitoka hapa liwe tayari kwa kipindi chako cha kesho. Na yule mwalimu wa nusu mkono akae karibu na mimi.